Siti binti Saad: Sauti, Kaniki na Kanga

Kabla hajaitwa Siti aliitwa Mtumwa. Halikuwa jina la utani wala la kuchomekewa na maadui. Ndilo jina alilopewa alipozaliwa kijijini Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, mnamo mwaka 1880 hivi. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake asili ya Uzigua. Enzi hizo watu wengi wa bara walifika Unguja kwa njia ambayo sote tuliisoma sekondari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko na kufuta utumwa ni mambo mawili tofauti. Amri ya kufuta utumwa wenyewe ilitoka mwaka 1897, wakati Mtumwa binti Saad ana miaka kumi na saba hivi. Hata hapo masuria hawakuguswa. Wao walisubiri hadi mwaka 1909.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu muhula huu wanachuo tumebishana sana kuhusu mavazi. Kila mtu ameliona lile tangazo lenye michoro ya sketi fupi, suruali za kubana na mabega wazi, kila mchoro umepigwa mkasi mwekundu. Sehemu kubwa ya michoro ni ya wanawake. Kwenye mdahalo wetu upande mmoja ulisema bibi zetu walijisitiri, sisi ndio tumeharibika kwa kuiga Ulaya. Upande wa pili ukasema kujisitiri kwenyewe ni kamba tu aliyofungwa mwanamke. Watu wakapiga makofi pande zote mbili, tukaenda kula. Mimi nikabaki namfikiria Siti, kwa sababu maisha yake hayakai vizuri upande wowote kati ya hizo mbili.

Tuanze na nguo za utotoni mwake. Unguja ya karne ya kumi na tisa mtu alikuwa anasomwa kuanzia mbali, kabla hajafungua mdomo. Watumwa walivaa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichopata jina lake kwa kuwa kililetwa na meli za Marekani. Wanawake watumwa na wa shamba walivaa pia kaniki, ambayo ni merikani ileile iliyotiwa rangi nzito ya buluu inayokaribia weusi. Ilikuwa rahisi, haionyeshi uchafu, inavumilia kazi. Mwanamke aliifunga chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi, kichwa kikabaki wazi. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane: kichwa kilibaki wazi kwa sababu kujifunika hakukuwa haki yake. Mtwana hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana, na mjakazi hakutarajiwa kujitanda ushungi. Kujisitiri kulikuwa cheo.

Upande wa pili wa mji, kwenye majumba ya kifalme, mambo yalikuwa mengine kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844 na ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Ameeleza kwa kirefu barakoa za hariri, marinda, mapambo ya dhahabu na manukato ambayo mwanamke wa daraja lake hakutoka nje bila ya hayo. Kwa hiyo mtu anaposema bibi zetu walijisitiri, ni halali kumuuliza: bibi yupi? Bibi wa kasri au bibi aliyembebea maji bibi wa kasri? Tangazo la getini linataja maadili ya mababu kana kwamba mababu wote walikuwa na kabati moja la nguo.

Basi Mtumwa akakulia Fumba. Shule hakusoma. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alikuwa anafinyanga naye, kisha anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini kwa miguu. Tupa jicho kwenye ramani ya Unguja uone umbali wa Fumba mpaka mjini, halafu weka vyungu kichwani. Mchuuzi wa barabarani lazima anadi mali yake, na inasemekana Mtumwa akinadi, waliomo ndani ya nyumba za mbali walijua ni yeye anayekuja. Mafunzo yake ya kwanza ya sauti aliyapata huko barabarani, jua likiwa utosini.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Alikuwa na miaka thelathini au zaidi kidogo. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wenzangu wanaolia kwamba wana miaka ishirini na nne na maisha hayajaanza. Mjini alikutana na Ali Muhsin, mtu wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin alimfundisha kuimba kwa taratibu za muziki huo na kupiga udi. Taarab wakati huo ulikuwa muziki wa wanaume, uliimbwa kwa Kiarabu, na chimbuko lake pale kisiwani lilikuwa kasri la Sultani Barghash, ambaye inasimuliwa kwamba alimtuma mtu Misri akajifunze ala ili aje ampigie yeye na wageni wake. Fikiria sasa mwanamke wa Fumba, muuza vyungu, jina lake Mtumwa, anaingia kwenye muziki huo.

Hakuingia peke yake. Polepole likaundwa kundi la wanaume waliompigia yeye aimbe: Subeit bin Ambar kwenye udi, Mbaruk Effandi Talsam kwenye fidla, wakawemo pia Buda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban. Mbaruk alikuwa kipofu. Naona kuna jambo zuri hapo, ingawa sitaki kulikuza: katika mji uliokuwa unampima mwanamke kwa sura, mmoja wa waliokuwa karibu zaidi na kazi yake alimjua kwa masikio tu.

Jina la Siti alilipata mjini humohumo, kutoka kwa watu waliovutiwa na sauti yake. Siti maana yake bibi, mwanamke wa heshima, mtu wa kuinukiwa. Kutoka Mtumwa hadi Siti ndani ya miaka michache! Huku kwetu mtu akibadilisha jina la mtandaoni tu tunamuuliza ana nini. Yeye alibadilisha jina lililokuwa limembandika kwenye daraja tangu kuzaliwa, na mji mzima ukakubali kuliita jipya.

Lakini jina peke yake halitoshi mjini, lazima livishwe. Na hapa habari za Siti zinaungana na za maelfu ya wanawake wengine wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mkono wa bahari ambako waliokuwa watumwa na maskini wengine walijenga nyumba zao za udongo na makuti. Wanawake hawa walipopata uhuru, kitu kimoja walichokifanya mapema ni kuitupa kaniki. Wakageukia kanga. Kanga ilikuwa imeanza miongo michache nyuma, wanawake wa pwani walipokuwa wananunua leso za kuchapwa na kuzishona pamoja zikawa kitambaa kimoja kipana. Wafanyabiashara wakaona kuna faida, wakaagiza zichapwe zima kwa zima. Inasemekana jina lilitokana na zile za mwanzo, zilizokuwa na madoadoa kama ya ndege kanga. Zilikuwa zinachapwa mbali, Manchester, Uholanzi, India, lakini waliokuwa wanaamua ipi inunuliwe na ipi iozee dukani ni wanawake wa Unguja na Mombasa. Muundo ukipitwa na wakati, umepitwa. Mwenye duka aliyeagiza shehena ya mtindo wa mwezi uliopita alikula hasara yake kimyakimya.

Tazama maana yake. Kaniki ni rangi moja, mwaka hadi mwaka, kwa sababu aliyeivaa hakuwa na la kuchagua. Kanga ni doti, vipande viwili: kimoja kiunoni, kimoja kichwani au mabegani. Kile cha kichwani ndicho kilichokuwa na uzito. Mwanamke aliyezaliwa akinyimwa ushungi sasa anaununua kwa pesa yake, anautanda, anatoka nao barabarani, na anachagua ua gani na rangi gani. Baadaye kanga ikaanza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa herufi hizi tunazotumia, na ikawa inasema hadharani yale ambayo mwenyewe asingeyatamka.

Halafu likaja buibui. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini lilienea mjini, na kufikia miaka ya 1920 na 1930 lilikuwa vazi la kutokea la wanawake wa mjini wa kila namna. Zamani mwanamke wa kiungwana alijulikana kwa barakoa yake, na mjakazi akajulikana kwa mabega yake. Buibui likawafunika wote rangi moja nyeusi. Ukikutana nao wawili kichochoroni, usingeweza tena kusema kwa uhakika yupi babu yake alimiliki watu na yupi babu yake alimilikiwa. Najua kwa baadhi yetu hili ni gumu kulipokea. Tumezoea kuliona buibui kuwa alama ya mwanamke kubanwa, na kuna mahali limetumika hivyo, sikatai. Ila kwa kizazi kile cha Ng'ambo kulivaa kulikuwa ni kudai kitu. Walidai ile staha iliyokuwa mali ya wachache. Kitambaa kilekile, maana mbili, na huwezi kujua ni ipi mpaka uulize nani alinyimwa nini kabla ya hapo.

Si wote waliofurahi. Waliozoea kuwatambua watu kwa nguo zao walikosa raha, na Siti, kwa kuwa alikuwa maarufu kuliko wote, ndiye aliyepigwa zaidi. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kumwimba. Yalikuwa mashambulizi ya aina mbili na yote yalihusu mwili wake. La kwanza, eti tangu lini naye amekuwa mtu, wakati mji mzima unakumbuka kwamba alitoka shamba akiwa amejifunga kaniki. Na lau si hiyo sauti, angepata wapi chakula? La pili, kwamba hana sura. Hakuwa mzuri kwa vipimo vya wakati ule, na vipimo hivyo vilijulikana: weupe, nywele, pua, na nyuma ya hivyo vyote ukoo. Maana uzuri wa Unguja ya siku hizo ulikuwa hautenganishwi na nasaba. Kusema mwanamke ni mzuri ilikuwa nusu ya kusema ametoka nyumba gani.

Mbona hilo halijaisha? Nenda duka la vipodozi lililo karibu na hosteli yoyote siku bumu likiingia. Utakuta mkorogo umepangwa rafu nzima, na utakuta mwenzako anayekopa kitini cha kozi kwa sababu hela ya kutoa fotokopi imeishia kwenye wigi. Simcheki. Anajua anachokifanya, kwa sababu anajua atakavyotazamwa akisimama kufanya prezentesheni. Ila ningependa ajue pia kwamba hicho kipimo anachokimbizana nacho kilikuwapo kabla ya simu na kabla ya filta, na kwamba kwenye visiwa hivi kilianza kama njia ya kutenganisha waungwana na watumwa.

Siti alijibu. Hakujibu kwa kujikwatua zaidi, wala kwa kuwatukana waliomtukana kuhusu sura zao. Alijibu kwa wimbo wa taarab, hadharani, na hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa uso na utukufu wa ukoo havina uzito. Aliyepata hasara kweli ni yule aliyekosa akili. Tuliofundishwa tamathali za semi tunaweza kukaa darasani wiki nzima na shairi lile. Mimi ninachokipenda ni kwamba hakujitetea. Hakusema kaniki hakuivaa. Alikubali, akahamisha mizani.

Na mizani ikahama kweli. Alikuwa anaimba kwa Kiswahili muziki uliokuwa unaimbwa kwa Kiarabu, na kwa ajili hiyo mchukuzi wa bandarini na mpishi wa nyumba ya tajiri walimwelewa moja kwa moja. Aliimba kwenye harusi, aliimba Ng'ambo nyumbani kwake usiku watu wakijaa, akaitwa pia kuimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub, ambaye alikalia kiti mwaka uleule wa 1911 ambao Siti alihamia mjini.

Mwaka 1927 serikali ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana Unguja. Siti alikuwa anakaribia miaka hamsini. Sisi wa kitivo cha elimu tunaipenda tarehe kama hiyo, tunaipigia mstari. Lakini weka tarehe nyingine pembeni yake: mwaka uliofuata, 1928, mwanamke huyu ambaye shule ilimpita alipanda meli na kundi lake kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Mwaka huohuo watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, kodi iliyokuwa inadaiwa na wenye ardhi matajiri. Sidai kwamba santuri ndizo zilizoleta mgomo. Nasema ni mtaa mmoja, watu walewale, na walikuwa wamechoka kuambiwa wao ni akina nani.

Santuri zile zilibadilisha jambo ambalo nadhani hata yeye hakulipangia. Zilipigwa kwenye magramafoni ya migahawani na majumbani, Unguja, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, na mbali zaidi huko ndani ya bara ambako Kiswahili kilikuwa kimefika. Watu walisimama nje ya duka kusikiliza. Hawakuiona sura yake. Hawakujua amevaa nini, ana weupe gani, pua yake ikoje. Waliomtukana walikuwa wametumia macho, na sasa sehemu kubwa ya wasikilizaji wake hawakuwa na macho ya kumtazamia. Walipata sauti tu, ya mwanamke anayeimba lugha yao na kuwataja watu kama wao. Ziliuzwa vizuri kiasi kwamba kampuni nyingine nazo zikaja kumtafuta.

Na aliimba nini? Mapenzi, ndiyo, lakini pia habari za mtaani: rushwa, mahakama, matajiri wanaodhulumu, wanaume wanaopiga. Wimbo wake unaojulikana kuliko zote unaitwa Kijiti, na unatokana na kisa kilichotokea. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam akaja Unguja kutembea. Mwanamume aitwaye Kijiti akamchukua kwenda ngomani, na huko akamuua. Akatoroka kwenda bara. Mahakama ya kikoloni, ikiwa imemkosa muuaji, ikawageukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu na kutoka naye usiku ule. Wao ndio walioadhibiwa. Siti akauimba mkasa wote, na wimbo ukazagaa kuliko hukumu.

Nauliza tu: ni nini tofauti ya hukumu ile na swali ambalo mpaka leo huulizwa kwanza mwanafunzi wa kike anapokwenda kushtaki kwamba ameshikwa, amefuatwa, au amefanyiwa zaidi ya hapo? Alikuwa amevaa nini. Alikuwa anafanya nini huko saa hizo. Alikuwa na nani. Yule aliyefanya yuko bara, anakula upepo. Hakimu anahukumu nguo. Tangazo lile la getini lina michoro mingi, ila hakuna hata mmoja unaomwonyesha mwanamume aliyefanya jambo kwa mtu.

Nilipokuwa fildi mwaka jana, mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa sekondari moja ambayo sitaitaja. Siku ya kwanza niliitwa ofisini nikasimamishwa, sketi yangu ikatazamwa ilipoishia, nikaambiwa nitandike kanga juu yake mpaka nitakapopata nyingine. Ilikuwa imevuka magoti. Mwenzangu wa kiume tuliyefika naye alikuwa na shati lisilopigwa pasi na ndala za kuogea, kwa kuwa viatu vyake vililoa njiani. Yeye alikaribishwa chai. Nikafundisha wiki nzima kidato cha pili nikiwa nimefunga kanga juu ya sketi. Mada ilikuwa ushairi. Wasichana wa mstari wa mbele walikuwa wanasoma maneno ya kanga yangu badala ya ubao, na kwa kweli nisingeweza kuwalaumu. Ndiyo kanga hiyohiyo ambayo bibi wa Ng'ambo aliinunua ili asiamriwe tena avae nini, nami nimevikwa kwa amri. Sikuwa na hasira na kitambaa.

Nikirudi kwa Siti. Miaka ya 1930 na 1940 alikuwa ameshakuwa kama taasisi. Vijana walimfuata kujifunza. Mmoja wa wanawake waliochota kwake ni Fatuma binti Baraka, ambaye sisi tulimjua kama Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe kuliko kumbukumbu za wengi. Bi Kidude alikwenda njia yake: aliimba uso wazi, alivuta sigara jukwaani, alifundisha unyago, alizunguka dunia. Ukiwaweka wawili hao pamoja na kuuliza yupi aliyekuwa huru zaidi kwa kutazama nguo, utapotea. Mmoja alihitaji kufunikwa ili ahesabiwe mtu, wa pili alishahesabiwa, akafunua. Bila wa kwanza sioni wa pili angepitia mlango gani.

Mwaka 1950, Siti akiwa mgonjwa na mzee, Shaaban Robert alikutana naye na kumhoji kuhusu maisha yake. Alifariki mwezi Julai mwaka huohuo. Kitabu kilichotokana na mazungumzo yale ni Wasifu wa Siti binti Saad, na waliopitia fasihi ya Kiswahili wanakijua. Kinachonishangaza ni uamuzi wenyewe wa Shaaban Robert. Alikuwa mshairi anayeheshimika, angeweza kuandika wasifu wa liwali, wa shehe, wa sultani, wangemlipa pia. Akamchagua binti wa mfinyanzi. Ni kati ya wasifu za mwanzo kabisa za mwanamke wa Kiafrika kuandikwa kwa Kiswahili, na wahusika wa familia za kasri hawamo isipokuwa kama wasikilizaji.

Miaka karibu arobaini baadaye, mwaka 1988, wanawake waandishi wa habari wa Tanzania waliokuwa wameanzisha chama chao, TAMWA, walitafuta jina la jarida lao. Wakaliita Sauti ya Siti. Wangeweza kuchagua picha ya mwanamke yeyote mrembo na jina lolote la kupendeza. Walichagua sauti.

Ukipanda maktaba, wasifu wake utafute kwenye rafu za fasihi ya Kiswahili, si za historia. Na baadhi ya santuri zake zimeokolewa na zinapatikana mtandaoni, zina mikwaruzo, kila upande una dakika tatu hivi. Anza na Kijiti. Weka simu kifudifudi, maana picha hakuna, na mara ya kwanza sauti itakushtua kwa ukali wake. Mara ya pili utaanza kuyasikia maneno.